Mgeni wa Mjini Shambani: Kazi Gani Apewe, na Gani Asiiguse



Msimu uliopita Katibu wetu aliulizwa swali moja kwa njia tatu. Mwanachama mmoja alisema gari la wageni lilisimama kwake, wakataka kuiona karafuu, naye hakujua awatoze nini. Wa pili ana mwanawe Dar es Salaam, na huyo mwana ataka kuleta jamaa anaofanya nao kazi, watu ambao hawataki kukaa barazani na kutazama, wataka kushika kazi kwa mikono yao. Wa tatu alifikiwa na mwalimu wa skuli ya mjini mwenye watoto 30 ambao hula pilau kila sikukuu na hawajapata kuuona mkarafuu. Kamati imeonelea kwamba jibu liandikwe hapa mara moja, na nimeombwa kuliandika mimi, kwa sababu mambo haya nimekwisha kuyajaribu, na hasara yake ya kwanza nimekwisha kuila.

Kuwatembeza wageni mashambani si jambo geni katika visiwa hivi. Wenzetu wa Unguja, pande za Kizimbani, Kidichi na Dole, wanalifanya kwa miaka mingi. Gari hutoka Mjini asubuhi, wageni hunusishwa jani hili na gome lile wakaulizwa ni la mti gani, kijana hupanda mnazi huku anaimba, wageni huvikwa kofia za makuti, hula matunda na wali wa viungo, kisha hurudi. Ni matembezi mazuri, wala sina neno baya juu yake. Lakini ukikaa pembeni ukatazama utaona kwamba tangu asubuhi mpaka adhuhuri mgeni hakufanya kazi hata moja. Alinusa, akala, akapigwa picha. Na mahali pale aghalabu si shamba la karafuu hasa, bali ni bustani yenye mti mmoja mmoja wa kila namna, iliyopandwa ili ionyeshwe.

Sisi wa Pemba bustani za namna hiyo hatuna nyingi. Tulichonacho ni mikarafuu yenyewe na kazi yake, kwani sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar hutoka kisiwani kwetu. Na kazi hiyo ndiyo wageni wengi wa siku hizi wanayoiulizia. Mtu akaaye ofisini mwaka mzima, vidole vyake havigusi ila karatasi na simu, hufurahi akipewa jambo la kufanya ambalo mwisho wake aweza kuliona kwa macho. Basi tuna cha kumpa. Shida ni kwamba kazi tuliyonayo si mchezo, na karafuu ikishachumwa haimngojei mtu.

Nitawaeleza yaliyonipata. Siku ya wageni wangu wa kwanza niliahidiwa watu 11, wafike saa 2 za asubuhi. Wachumaji wangu walikuwa wametoka alfajiri, na nikawaambia wake wa nyumbani wasianze kuchambua za jana, wawangojee wageni wapate kuona kazi tangu mwanzo wake. Wageni walifika saa 5. Aliyewaleta, ambaye sitamtaja, alikuwa amewapitisha kwanza mahali pengine. Wakataka maji, wakataka kivuli, wakataka kupigwa picha na wachumaji, na wachumaji wakashuka mitini. Wawili wakatembea juu ya jamvi la karafuu zilizokaribia kukauka, na viatu vyao vyenye tope. Mmoja akaomba kupanda mti nikaona haya kumkatalia, akauvunja utagaa mmoja mzima wenye vichwa vya karafuu ambavyo vilikuwa bado siku kumi kuiva. Walipoondoka ilikuwa saa 9, na wingu limekwisha kufunga. Karafuu mbichi za jana na za leo zililala ndani ya mapakacha, zikapata joto. Asubuhi yake nilipozimwaga zilikuwa zimekwisha kuvunda. Baada ya kuanikwa zikatoka zimesinyaa na rangi ya kufifia, zile tuziitazo mpeta. Sina haja ya kuwaambia wanachama bei yake. Zilikuwa pishi 18. Fedha niliyopewa na yule bwana haikufika nusu ya thamani ya pishi hizo, na utagaa sikuutia katika hesabu.

Nilikasirika kwa siku tatu, kisha nikaona kwamba wageni hawakuwa na kosa. Walifanya kila nililowaruhusu. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimezipanga kazi. Tangu hapo najiuliza swali moja kabla ya kumpa mgeni kazi yoyote: huyu akikosea, kosa lake litanigharimu nini? Kama jibu ni kicheko tu, kazi hiyo ni yake. Kama jibu ni pishi moja ya karafuu, aifanye nikiwa nimesimama naye. Kama jibu ni mti au mguu wa mtu, asiiguse hata akilipa mara tatu.

Tuanze na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayoombwa zaidi. Mgeni asipande mkarafuu. Sote twaujua mti huu. Ni mrefu, na matagaa yake yaonekana manene lakini hukatika ghafula bila ya kulia kwanza. Kila msimu twasikia mchumaji aliyeanguka, na hao ni watu waliozaliwa chini ya miti hiyo. Sembuse mtu aliyetoka ghorofani juzi. Kama wageni wataka kuchuma kwa mikono yao, mtengee mti mdogo ambao mtu aufikia akiwa amesimama chini, au tagaa la chini ambalo kijana wako atalivuta polepole kwa kijiti chenye kulabu. Mwambie mgeni achume kichwa kizima pamoja na konyo lake, asivute jani wala asivunje kijiti, na achume zile tu zilizoanza kuwa nyekundu-nyekundu na ambazo hazijafunguka. Hapo kwanza mwonyeshe tofauti. Utastaajabu jinsi jambo hilo linavyowashughulisha: wengi wao hudhani karafuu ni mbegu, au ni tunda. Chukua karafuu moja mbichi uipasue kwa kisu mbele yao waone kuwa ni ua ambalo halijachanua, kisha uwaonyeshe lile lililokwisha kuchanua juu ya mti na kupoteza thamani yake. Nimeona watu wazima wakiitana kuja kutazama. Hilo halikugharimu kitu.

Wala usimpandishe mchumaji mtini kwa ajili ya picha. Mchumaji apandapo apande kwa kazi yake na kwa wakati wake, na mgeni amtazame akiwa mbali na shina. Kumwambia ashuke, apande tena, ageuke huku, acheke, ni kumtia katika hatari kwa jambo lisilo na maana, na mwendo wa kazi yake huharibika kwa siku nzima.

Kazi iliyo bora kuliko zote kwa mgeni ni kuchambua. Nasema hivi baada ya kuzijaribu nyingine. Haihitaji nguvu, hufanywa kivulini, mtu amekaa juu ya mkeka, na wote waweza kuifanya pamoja, mtoto wa miaka 7 na mzee wa miaka 70. Mgeni hushika kichwa cha karafuu kwa mkono mmoja, akakibana katika kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zikaachia na konyo likabaki. Mara ya kwanza humwaga zote miguuni. Mara ya kumi huanza kujisifu. Akikosea, kosa lake ni konyo lililoingia upande wa karafuu, na Bi aliyekaa mbele yake huliona na kulitoa. Tena kuchambua ni kazi ya mazungumzo, kama mjuavyo. Pale ndipo mgeni atakapouliza watoto ni wangapi, harusi zenu zikoje, kwa nini mwaka huu karafuu ni chache, na atajibiwa na mtu ambaye mikono yake i kazini. Mazungumzo hayo hayapatikani barazani mbele ya soda.

Ila lazima ujue hesabu yake. Wageni kumi wanaochambua kwa saa mbili hawamfikii Bi mmoja aliyezoea. Kwa hiyo usiitegemee mikono yao katika kazi ya siku. Watengee pakacha moja au mawili, na mengine yaendelee kama kawaida upande wa pili wa ua. Mimi nilifanya kinyume chake, na pishi 18 zikajibu.

Makonyo nayo msiyatupe mbele ya wageni kama takataka. Waambieni kwamba huanikwa na kuuzwa, na kwamba kiwanda cha kukamulia mafuta yake kipo Wawi, karibu na Chake Chake. Wageni wakiwa na nafasi waweza kuombewa ruhusa huko waone safari ya konyo walilolishika wenyewe inapoishia. Kwa watoto wa skuli hili ni darasa zima.

Kuanika ni kazi ya kati. Mgeni aweza kumwaga karafuu juu ya jamvi na kuzitandaza ziwe safu nyembamba, na kila baada ya muda kuzigeuza. Lakini avue viatu, na mikono iwe haina mafuta ya kujipaka. Hapa pana jambo moja la kuwaonyesha ambalo sijaona mgeni asiyelifurahia. Weka mbele yao vikapu vitatu: za leo, za siku ya pili, na zilizokauka kabisa baada ya siku nne au tano za jua zuri. Waambie wazishike, wazinuse, wazivunje. Ile kavu huvunjika kwa mlio, ile ya siku ya pili hujipinda tu. Kisha watie katika mizani kilo 3 za mbichi, uwaambie kwamba zikikauka zitabaki kama kilo 1. Mtu wa mjini akishaliona hilo hafikirii tena kwamba karafuu ni ghali.

Sasa, karafuu haiko mtini mwaka mzima, wala mavuno makubwa hayaji kila mwaka. Mwanachama atakayepokea wageni wakati wa karafuu peke yake atakaa bure miezi mingi. Yako mambo mengine, na baadhi yake yana faida ya kufanywa na watu ambao hawakupewa nafasi na mikarafuu, yaani wake zetu na wazee wetu. Kusuka ukili, kwa mfano. Mgeni hatamaliza mkeka kwa siku moja, lakini ataweza kuondoka na ukili wa urefu wa mkono wake, ambao ameusuka mwenyewe na umepinda. Kusuka pakacha la makuti ni kwepesi zaidi, humalizika kwa saa moja, na hubebwa matunda siku hiyo hiyo. Kukuna nazi kwa mbuzi, kuchuja tui, kutwanga viungo, kupika muhogo au shelisheli kwa nazi: haya ni ya kawaida kwetu hata twaona haya kumwita mtu kuja kuyatazama, lakini kwa aliyezoea tui la kopo ni elimu mpya. Wageni wanawake wakifundishwa singo, jinsi karafuu inavyosagwa pamoja na liwa, asumini na mawaridi, na jinsi bibi harusi anavyosuguliwa, watakaa kutwa wala hawataulizia gari. Jambo hilo ni la wanawake wenyewe kwa wenyewe, na mwenye shamba atafute shughuli nyingine upande wa pili.

Kuna kazi moja ambayo wageni huipenda na mimi naiogopa kidogo, nayo ni kupanda mche. Kila mtu ataka kupanda mkarafuu wake, aandikwe jina lake, aletewe habari zake. Mche wa mkarafuu, kama tujuavyo, ni mlaini mno. Hautaki mizizi yake iguswe, hautaki jua kali siku za mwanzo, na ukipandwa nje ya mvua hufa. Mche uliopandwa na mgeni mwezi wa kiangazi kwa ajili ya picha ni mche uliouawa. Waruhusuni wapande wakati wa masika peke yake, shimo limekwisha kuchimbwa na kivuli kimekwisha kusimamishwa, na mshike ninyi mche, wao wafukie udongo. Na msiwaahidi karafuu kesho kutwa. Waambieni ukweli: miaka sita, saba au nane kabla ya kuzaa, na mavuno ya maana ni baada ya hapo sana. Yule anayesikia hivyo na bado akataka kupanda, huyo atarudi.

Mdalasini nao una maonyo yake. Katika mashamba yanayopokea wageni wengi utaona mdalasini ulio kando ya njia umechunwa pande zote mpaka umebaki mifupa, kwa sababu kila kikundi hukatiwa kipande wanuse. Tengeni shina moja la kuonyeshea, mlikate lichipue, na mchune vitawi vile vinavyochipuka tu. Wakati wa mvua gome huachia vizuri na mgeni aweza kulibandua mwenyewe kwa kisu kidogo. Miti mingine isiguswe.

Wageni watauliza historia, na hapa naomba tuwe waangalifu, maana nimesikia wenye kutembeza wakisema mambo ya ajabu. Yaliyo kweli yatosha. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Waholanzi waliizuia biashara yake kwa muda mrefu, mpaka Wafaransa, kwa juhudi za Pierre Poivre, walipoitorosha miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaja kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi, ndipo kisiwa chetu kikaanza kuwa kisiwa cha karafuu. Na wakiuliza nani aliyepanda na kuchuma miti ile ya kwanza, jibuni bila ya kuzungukazunguka: ni watumwa. Amri ya kuondoa utumwa kisheria katika visiwa hivi ilitolewa mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yaligawiwa watu kwa eka tatu tatu, na wengi wetu tumelelewa na eka hizo. Mzee mwenye kuyakumbuka ya zamani akikaa na wageni nusu saa akayasema aliyoyaona kwa macho yake, hiyo ni bora kuliko hadithi zote za kubuni. Siku hizi Indonesia ndiyo itoayo karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, na nyingi huivuta wenyewe ndani ya sigara zao. Jambo hili huwachekesha wageni sana, sijui kwa nini.

Sasa nije katika fedha, ambako ndiko wengi wetu tunakoonewa, na mara nyingine twajionea wenyewe. Desturi yetu ni kwamba mgeni halipishwi, na desturi hiyo ni nzuri, wala sisemi iachwe. Jamaa wa mwanao akija, mkaribishe kama mgeni. Lakini anayekuja kwa gari la biashara amekwisha kulipa kabla hajafika kwako, ila hakukulipa wewe. Amemlipa aliyemleta. Ukimkaribisha bure unamfadhili mwenye gari.

Nitaweka hesabu ya mfano tu, kila mtu atie tarakimu za kwao. Tuseme wageni ni 10, na kila mmoja hulipa Sh. 20,000 kwa nusu siku pamoja na chakula. Jumla ni Sh. 200,000. Chakula cha Sh. 6,000 kwa mtu ni Sh. 60,000. Mabibi wawili wanaofundisha kuchambua na kusuka, Sh. 15,000 kila mmoja, ni Sh. 30,000. Kijana wa kuwapokea na kuwaangalia wasipotee mashambani, Sh. 10,000. Kuni, maji, sabuni na kusafisha choo, Sh. 10,000. Fungu la majamvi na vikapu, ambavyo huchakaa upesi kwa mikono ya watu wengi, Sh. 10,000. Yatoka Sh. 120,000, yabaki Sh. 80,000. Sasa mwenye gari akija akakwambia, "Chukua Sh. 60,000 kwa kila kitu," huenda ukaiona ni fedha nyingi kwa sababu imekuja kwa pamoja mkononi. Hiyo yatosha chakula peke yake. Mabibi watafundisha bure na majamvi yatararuka bure. Andika hesabu yako kabla ya kukubaliana, na ukubaliane kabla ya siku yenyewe, idadi ya watu na saa ya kufika vikiwa ndani ya makubaliano. Nami nimetia sharti moja: wakichelewa zaidi ya saa moja, hawaoni kuchambua, wataona kuanika na watakula. Tangu nilipoweka sharti hilo magari yamejifunza saa.

Na aliyefundisha ndiye alipwe, mkononi mwake, siku hiyo hiyo. Kuchambua ni kazi ya wanawake katika nyumba nyingi, na nimeona mahali ambako Bi amekaa na wageni saa tatu, bwana akapokea fedha, na Bi akapata bakshishi ya soda. Msimu wa pili Bi huyo alikuwa na maumivu ya mgongo kila wageni walipokuja. Simlaumu.

Walio karibu na Kidike wanajua jinsi wanakijiji wa pale walivyofanya juu ya popo wetu wakubwa wa Pemba. Wanawalinda wenyewe, wanawapokea wageni wenyewe, na kiingilio hulipwa hapo hapo kijijini. Yeyote anayefikiri kwamba watu wa shamba hawawezi kuendesha jambo hili bila ya mtu wa mjini akaenda kutazama.

Yamebaki ya sheria, nami nitayapita upesi. Kabla hujaanza kupokea wageni wa kulipa, mwarifu Sheha wako, na uulize Kamisheni ya Utalii ni idhini gani inayotakiwa kwa shughuli ya namna yako. Mwenye kuwaongoza wageni awe na kitambulisho chake cha kazi hiyo. Karafuu kavu mnunuzi wake ni ZSTC. Mgeni akitaka kununua kilo kwako, mwelekeze kwenye maduka ya viungo yanayoruhusiwa, na usijitie katika maneno ya magendo kwa ajili ya kumfurahisha mtu ambaye kesho hayupo. Alichokichambua kwa mkono wake abaki nacho katika kumbukumbu na picha.

Na juu ya picha: mgeni aombe ruhusa kwanza, hasa kwa wanawake na watoto. Waambieni mapema, kabla hawajashuka garini, pamoja na habari ya nguo za heshima, na kwamba ikiadhiniwa kazi itasimama kidogo. Mwezi wa Ramadhani mimi sipokei kabisa wageni wa chakula. Sijapata kuona mgeni aliyekasirika kwa kuambiwa mambo haya mapema. Wanaokasirika ni wale wanaoambiwa wakati wamekwisha kosea.

Watoto wa skuli za mjini tuwatoze nini? Kamati haikukubaliana juu ya hili. Wengine walisema nusu, wengine walisema walipe nauli yao tu na uji tuwape sisi. Rai yangu ni hiyo ya pili. Mwaka jana mtoto mmoja wa Mjini, wa miaka kama tisa, alichambua konzi yake ya karafuu kwa muda mrefu bila ya kusema neno, kisha akamwuliza mke wangu, "Bibi, hizi zote mlizonazo, zilichumwa moja moja hivi?" Akajibiwa ndiyo. Akatazama lile jamvi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi kazini.

Wanachama wanaotaka kupokea wageni msimu huu wampe Katibu majina yao, wataje wana majamvi mangapi ya kutenga, wana choo na maji ya kutosha watu wangapi, na ni nani katika nyumba atakayefundisha. Siku ya kujifunza itafanywa shambani kwangu kabla ya mavuno kuanza, na mabibi wanaalikwa hasa. Mizani ya Chama itaazimwa kwa zamu. Ni moja tu, basi anayeihitaji aandikishe siku yake mapema, na airudishe imefutwa.